Saumu ya Bibi

Juzi, kwenye dirisha la dawa hapa Msambweni, dresa alimwambia bibi mmoja mkongwe avimeze vidonge vyake baada ya kula.

"Nimefunga sunna, mwanangu."

"Kila ukija umefunga! Wewe ni mgonjwa, bibi, dini imekuruhusu kula. Fungua."

Sisi wa benchini tulikuwa tumeshaanza kumsifu: mashallah, ucha Mungu ulioje! Bibi akavitia vidonge pindoni mwa leso, akasema taratibu, "Kufungua si kazi. Nifungue kwa kitu gani?"

Tukainamisha vichwa. Ni jirani yetu, na tangu jua liunguze mihogo hakuna aliyeuliza kama jikoni kwake kunafuka moshi. Sifa ndiyo sadaka tuipendayo, maana haipunguzi kitu chunguni.