Dhoruba Niliyoipa Jina Dirishani

Mwanangu, kuna alasiri moja ya ujana wangu hapa Bukavu ambayo nikiikumbuka, najicheka mwenyewe.

Enzi hizo za Zaire nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa, kijana mwenye diploma na majivuno yake, na siku hiyo nilikuwa nimevaa abakosti mpya, suti ile isiyo na tai. Kila dhoruba tuliiandika katika rejista kwa aina yake. Ya joto husimama peke yake juu ya ziwa, hunyesha kidogo na kwisha. Ya mstari huja imejipanga toka mlima hadi mlima, na upepo wake hupindua boti. Bandarini walingoja simu yetu kabla ya kuruhusu safari.

Nilichungulia dirishani, nikaona wingu moja la mbali, na manyunyu yakianza uani. Kutoka nje niloweshe abakosti? Thubutu! Nikaandika "ya joto" kwa wino, nikapiga simu: boti ya kisiwa cha Idjwi iende. Ndani yake alikuwamo Nsimire, mchumba wangu, akirudi kwao.

Papa Cirhuza, mkubwa wangu wa kazi, akaisoma rejista.

"Ulitoka inje?"

"Hapana, Papa. Niliona ku fenetre."

"Na ile fenetre inaonyesha mbingu yote? Kuya hapa!"

Akanivuta mkono hadi uani. Wingu langu lilikuwa kipande tu cha ukuta mweusi usio na mwisho. Niliogopa, mwanangu, niliogopa kweli. Nikakimbilia simu. Kamba za boti zilikuwa zimeshafunguliwa, lakini nahodha akaitwa, akageuza. Muda si mrefu ziwa likachafuka vibaya. Nsimire akalala kwa shangazi yake mtaani Kadutu, mzima, amenuna. Huyo ndiye mama yenu.

Nikachukua wembe nikwangue lile neno.

"Acha!" akasema Papa Cirhuza. "Piga mustari moja, andika ya kweli, tia sinyatire yako. Wenye watakuya nyuma waone fasi tulikosea."

Nikatia sahihi kwa aibu.

Basi mwanangu, usikipe kitu jina, wala mtu, kabla hujatoka ukakitazama chote, hata kama utalowa. Na ukikosea usikwangue. Acha kosa lisomeke, na jina lako pembeni. Langu bado liko kwenye rejista ile, na nalala vizuri. Mungu akupe macho mapana, na asikukoseshe mtu wa kukuvuta mkono.