Salamu za Elerai

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mitambo, Mmeru asiyependa maneno mengi, alinikalisha mbele ya mikseri, ile meza ya vitufe vya kupandishia na kushushia sauti. Akasema, “Redio ikinyamaza sekunde kumi, msikilizaji anahama. Usiiache inyamaze.” Nilisahau hata jina la kituo.

Tulikuwa ghorofani, mtaa wa Kaloleni, tukipiga bongo fleva na rumba. Miaka miwili nilipanga nyimbo tu, kisha Mkuu wa Vipindi akanipa salamu za alasiri. Wasikilizaji walituma ujumbe kwa simu, nami nikausoma kabla ya wimbo.

“Soma kama ulivyoandikwa,” aliniagiza. “Watu wanapenda kusikia majina yao.”

Alasiri moja nikasoma: “Namsalimia dada yangu Neema, sasa yuko Elerai, nyumba ya bluu nyuma ya kanisa.” Nikaweka wimbo. Haujafika katikati, simu ya studio ikalia. Mwanaume, sauti ya upole.

“Asante, mtangazaji. Mke wangu nimemtafuta miezi mitatu.” Akakata.

Nikampigia aliyetuma ujumbe.

“Umesoma na mtaa?” akauliza, akaanza kulia. “Niliandika ili mjue ni Neema yupi. Yule mume alimchoma kwa pasi. Na Neema hana simu.”

Mkuu wa Vipindi akawapigia polisi. Fundi Mitambo hakusubiri, alichukua pikipiki yake akaenda Elerai.

“Nimtangazie akimbie?” nikauliza.

“Mumewe naye anasikiliza,” Mkuu akasema. “Akijua tunakwenda ataongeza mwendo. Endelea na kipindi.”

Nikaendelea. Dakika arobaini nilisoma salamu za harusi na za vipaimara, nikacheka palipotakiwa kicheko. Simu ikilia, nilishindwa kuigusa.

Fundi akarudi amejaa vumbi. “Nimemfikisha polisi, yeye na mtoto wake,” alisema. “Tulipokuwa tunaondoka, mtu alishuka kwenye bodaboda na panga lililofungwa kwenye gazeti.” Polisi walimkamata yule mume ndani ya nyumba, mlango ameshauvunja.

Tangu siku hiyo hatukutaja mtaa wa mtu hewani. Nilifanya kazi miaka mingi baadaye, na kila ujumbe niliusoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kufungua mikrofoni.

Nilipostaafu, Neema alikuja kuniaga. Nilimwomba msamaha.

“Nilishakusamehe siku nyingi, mama,” alisema. “Ila mpaka leo nikisikia sauti yako redioni, naenda kufunga mlango.”

Vijana wa redio hunitembelea na kuniuliza kama naikumbuka studio. Kiti kile sikitamani. Nafurahi tu kwamba alasiri Neema anaweza kufua nguo zake nje, mlango wazi, na sauti inayotoka redioni si yangu.