Nani Alimsifia Kondoo

Kwetu Kumsenga mbuzi akitupa mimba hutangazi. Unafukia alfajiri, unanawa, kisha unaanza kumtafuta aliyepita juzi akalisifia tumbo la mbuzi huyo kwa jicho baya. Mama yangu hakutafuta sana. Jirani yetu, mfuga kondoo, alikuwa amesimama uani kwetu akasema, "Mwenzangu, mbuzi huyu atakuzalia mapacha." Mimba ilipotoka, Mama akawa anamsalimia kwa mbali. Jirani naye, kwa sababu ambayo hatukuielewa, akawa anaitikia kwa mbali zaidi.

Baadaye bwana mifugo, aliyekuwa amepima damu ya mbuzi na kondoo wetu, akatuita uwanja wa shule. Akauliza ni nani mifugo yake imewahi kutupa mimba. Watu wazima wote tukatazama chini. Mama, ambaye kimya humchosha upesi, akanyoosha mkono. Ukafuata wa mwenyekiti wa kitongoji, ukafuata wa katekista, halafu mikono ikawa mingi hata nikashindwa kuona mbele.

"Huo ni ugonjwa, unaitwa brusela," akasema bwana mifugo. "Umejaa huku. Hata nyinyi mnaupata, kwa maziwa mabichi na kwa kuzalisha mbuzi mikono mitupu."

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anamtazama jirani, ambaye mkono wake pia ulikuwa juu.

"Kumbe na wewe?" Mama akamuuliza. "Sasa kondoo wako alisifiwa na nani?"

Jirani akashusha mkono taratibu.

"Alisifiwa na wewe," akasema, akaanza kucheka kabla ya Mama.