Mwaka Baba Alipokata Mbelewele

Siku hizi mtu akipiga chafya kila mahindi yakichanua anapewa kidonge na kuambiwa ana aleji. Wakati wetu hakukuwa na kidonge wala hilo neno. Ukipiga chafya wiki ya kwanza una mafua, ya pili umerogwa, ya tatu una kifua kikuu na vikombe vyako vinatengwa.

Mimi nilikuwa napiga wiki sita. Ilianza mwezi wa tatu, mahindi yakitoa mbelewele, ile mikia ya juu inayomwaga unga wa njano upepo ukipita. Na miaka ile ya shida kijiji chetu cha Maisaka chote kilikuwa mahindi. Sukari hakuna, sabuni hakuna, nguo hakuna, basi kila mwenye kipande cha ardhi alikipanda chote. Kwetu yalifika mpaka dirishani. Ukifungua dirisha, unga unaingia na kukaa kitandani kama mgeni aliyekaribishwa.

Wenye makosa nitawataja, maana wapo. Wa kwanza ni mganga wa zahanati. Aliniangalia kutoka mlangoni, mimi niko kwenye foleni, hakunishika hata mkono, akasema mbele za watu, "Huyo akapimwe kifua." Wa pili ni jirani yetu aliyekuwa nyuma yangu. Alifuata dawa ya tumbo, akaikosa, akaondoka na habari yangu badala yake, na habari hiyo ilifika Bonga kabla mimi sijafika nyumbani. Wa tatu ni meneja wa duka letu la kijiji. Yeye na chafya zangu hawahusiani, ila alikuwa anatoa sabuni kwa mlango wa nyuma na mpaka leo sijamsamehe.

Bonga ndiko kwao mchumba wangu. Watu wake walishatuma ujumbe kwamba watakuja Jumapili baada ya misa, waniangalie na wamalize maneno. Sasa ukaja ujumbe mwingine. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli katika ule ukoo, alisema, "Tutaenda, lakini tukimkuta binti mgonjwa, tunakunywa chai tunaaga." Nilimpenda yule kijana. Siandiki zaidi ya hapo, wanangu watasoma.

Mama alitaka nijifukize majani. Baba alikuwa mtu wa kufikiri kwa mikono. Jumamosi asubuhi akachukua panga. Kwetu ilikuwa kawaida, mahindi yakishakomaa, kukata vile vichwa vya juu na kuwalisha ng'ombe. Baba akaona kama vitakatwa tu, kuna ubaya gani kuvikata leo.

"Baba watoto, hayajabeba," mama akamwambia.

"Yatabeba. Muhindi unabeba tumboni, haubebi kichwani."

Akafyeka mbelewele zote kuzunguka nyumba, nusu eka nzima. Na nani alipewa kazi ya kuzipeleka kwa ng'ombe? Mimi. Nilibeba mizigo saba, unga ukinimwagikia shingoni na masikioni. Jioni uso wangu ulikuwa umeumuka kama andazi lililozidi hamira.

Jumapili wageni walifika, shangazi na wazee wawili. Nikaingia na sinia la chai, chai ya sukari guru, maana sukari nyingine tulikuwa tunaisikia tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akaninyanyua kidevu. "Mbona macho hivi?"

Mama akawahi. "Analia tangu jana. Anasema atatuachaje sisi."

Shangazi akalainika. "Huyu amelelewa," akawaambia wazee. "Wengine siku hizi wanaondoka kwao wanacheka."

Hapo nikajiona nimeshaolewa. Nikageuka kumpa kikombe, na chafya zikaja. Hazikuja moja. Zilikuja nane, zimefuatana, na chai yote ikaishia kwenye kitenge cha shangazi.

"Hiki nacho ni kilio?" akauliza.

Baba hakuwa anajua kudanganya, na alipojaribu alikuwa anashika sikio. Aliliachia sikio akasema, "Ni mahindi. Kila mwaka yakichanua anakuwa hivi, yakikauka anapona. Hajakohoa hata siku moja."

"Mahindi ni chakula, mzee. Chakula kinamkoseshaje mtu raha?"

"Njoo nikuonyeshe."

Tukatoka wote, mimi nyuma, pua ndani ya kanga. Shangazi alikuwa mkulima, mtu wa kutoka milima ya Mbulu, hakuhitaji kuelezwa alichokuwa anakiona. Aliyaangalia yale mahindi yasiyo na vichwa, mstari hadi mstari.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Jana. Ili asipige chafya mbele yenu."

"Na mtakula nini?"

"Yatabeba."

"Hayabebi. Ule unga uliouondoa ndio unaotia punje. Hukujua?"

"Nilijua ya ng'ombe tu," baba akasema.

Shangazi akajifunga kanga upya, taratibu. "Nilikuja hapa kutafuta mgonjwa," akasema. "Nimemkuta, ila si binti."

Mzee mmoja alicheka mpaka akashika bua asianguke. Mama naye akacheka, ingawa ndiye angekuja kukosa unga wa kupika. Shangazi akanigeukia.

"Mwezi wa sita unapiga chafya?"

"Hapana, shangazi."

"Basi harusi mwezi wa sita. Nileteeni chai nyingine, hii nimeivaa."

Mwezi wa sita tukavuna. Mahindi ya kando ya shamba la jirani yalibeba kidogo, kwa sababu upepo ulituletea unga wa kwao. Yale ya dirishani yalikuwa na punje tatu, nne, kama meno ya bibi. Baba aliyamenya peke yake, hakutaka msaidizi. Wiki hiyo hiyo ukaja mkokoteni wa ng'ombe kutoka Bonga na magunia mawili ya mahindi, shangazi amekaa juu yake. Baba akaona haya kuyapokea.

"Pokea, mkwe," shangazi akamwambia. "Tusije tukasikia umekata na maua ya maharage."

Akayapokea. Jumamosi iliyofuata nikafunga ndoa, pua kavu, na waliolia kanisani walikuwa mama na baba tu.