Uvumilivu wa Mama Virginie

Shirika letu la Mususa, hapa Butembo, lilimchagua Virginie Kahongya kuwa kiongozi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Shirika ni familia za mtaa mmoja zinazosali pamoja na kusaidiana, hakuna anayelipwa. Virginie alihamia Butembo na watoto wake kutoka Mulekera, kule Beni, baada ya mumewe Mathe kuuawa shambani. Jina lake lilipotajwa alisema "Sawa," kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua inakuja.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuwapikia waliokimbia vita, waliokuwa wakilala katika madarasa ya shule. Adèle, muuza mafuta ya mawese, ndiye aliyesimamia jikoni. Siku moja alimnyang'anya Elikia mwiko mbele ya watu wote. Elikia ni mke wa askari aliyetumwa huku kutoka mkoa wa mbali wa Équateur.

"Bageni banakuya hapa kutuamuru!" Adèle alipiga kelele.

Elikia alifungua kitambaa cha kiunoni, akaenda zake. Kesho yake hakuonekana. Wanawake wengine wakaanza kugawanyika, wakinuniana, na maharagwe yakaungua.

Virginie alikwenda kwa Elikia, akakaa, hakusema neno. Elikia alilalamika juu ya mwiko, juu ya Adèle, kisha juu ya mengine, mpaka akafika kwenye jambo lenyewe.

"Tangu nifike hapa, hakuna mutu ananiita jina yangu. Ni 'bibi ya sodati' tu."

Virginie alimwambia tu kwamba kesho wanapika, kisha akapita kwa Adèle, akakaa vilevile. Adèle naye alisema mpaka maneno yakamwishia. Kisha, polepole, akasema kaka yake aliuawa na waasi upande wa Kamango. Askari walikuwa karibu, hawakuja. "Kila mara naona ule mama, namuona kaka yangu."

Virginie akainuka. "Kesho tunapika. Elikia naye atakuya."

Wote wawili walikuja. Hawakukumbatiana. Adèle alisema, "Elikia, angalia moto," na kazi ikaendelea.

Habari zilimfikia Padri Éliakim wa parokia yetu. Akamwomba Virginie aende Beni kwenye mafunzo ya viongozi wa mashirika, awaeleze wenzake jinsi ya kupatanisha watu. Adèle alimsindikiza. Mafunzo yalikuwa Mulekera, na pikipiki ikawapitisha mbele ya nyumba ya zamani ya Virginie. Watu wengine waliishi humo sasa. Nguo za watoto zilianikwa uani. Aliiangalia kama nyumba yoyote ya njiani.

Ukumbini Padri Éliakim alisema, "Mama, utuambie siri yako."

"Siri hapana, Padiri. Banasema niko na uvumilivu. Hapana. Tangu Mathe alikufa, hakuna kitu inanigusa. Mutu akisema, mimi nanyamaza, sababu sina neno ya kumuambia. Basi anaendelea kusema. Ni ile tu."

Kalamu zilisimama. Mzee mmoja akauliza, "Lakini kazi ya shirika yako inatembea?"

"Inatembea," alijibu, akakaa.

Waliporudi Butembo, Adèle alikwenda kwake mchana na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Mama Virginie, unalalaka?"

"Hapana sana."

"Na kula?"

"Batoto bakikula."

Adèle hakumwambia ajipe moyo, wala hakumtajia mapenzi ya Mungu. Alikaa tu. Baadaye akasema, "Juma hii mimi nitaongoza sala. Elikia ataangalia jikoni. Wewe ukae tu na siye."

Virginie hakukataa. Juma lile Elikia alikosea kipimo cha chakula, na wanawake wakamkimbilia Virginie kulalamika kama kawaida. "Mumuulize Elikia," aliwaambia. Wakaenda kumuuliza Elikia, na Elikia akaongeza chungu kingine.

Hata leo ukimuuliza Virginie anajisikiaje, anasema hajui. Lakini anakuja. Anakaa katikati ya wanawake, anachambua maharagwe, na wakati mwingine inabidi umwite tena ndipo asikie.