Mtafiti alitukataza kung'oa mathenge kwenye malisho ya eedo, eti ni data

Wakuu, asalaam aleikum.

Humu mimi ni msomaji tu, sijawahi kuandika. Hili lilinipata mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Niko Galbet, Garissa. Shule niliishia ya msingi. Mwaka jana kijana wa chuo, tumwite Kelvin, alikuja kufanya utafiti wa masters: kurudisha migunga mahali ambapo ardhi imebaki kipara.

Eedo, yaani shangazi yangu, alimpa kipande cha malisho yake nje ya mji. Ni hicho tu anachowawekea mbuzi kwa kiangazi. Alikubali kwa sababu mbuzi wanapenda maganda ya mgunga.

Mimi niliajiriwa kushika kamba ya kupimia. Kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuongea.

Kelvin alikuwa na kofia pana, GPS mbili na Kiswahili cha semina. Hakuna shimo lililochimbwa bila kupigwa picha. Tulipopanda mbegu za mgunga, akasema zinataka samadi.

"Itoke hapa hapa. Lazima jamii ishirikishwe."

Jamii nikawa mimi. Nilibeba magunia kutoka zizi la jirani, ambaye mbuzi wake wanashinda wakila maganda ya mathenge.

Kwa wasioijua, mathenge ni mti wa miiba ulioletwa kutoka nje. Ukishika mahali, hata nyasi huhama. Mbegu yake hupita tumboni mwa mbuzi na kutoka salama. Huku kila mtu anajua.

Hata mimi nilijua. Sikuulizwa, nikanyamaza.

Mvua ikanyesha, mashimo yote yakawa kijani. Kelvin akarukaruka, akamtumia profesa wake picha.

Eedo akaja kuona. Akainama kwenye shimo la kwanza, la pili, la tatu.

"Waryaa Kelvin, umenipandia mathenge?"

Kelvin alipiga picha jani, akasoma simu.

"Ni kweli, Mama. Lakini msiing'oe. Hiyo ni data."

"Data inakamuliwa?"

"Profesa anakuja mwisho wa msimu. Lazima aikute ilivyo."

Wakuu, mwisho wa msimu mzizi wa mathenge jembe haliufikii tena. Malisho yangekuwa yamekwisha.

Eedo akanigeukia. "Samadi alileta nani?"

"Mimi, eedo. Na nilijua."

"Ulijua?" Kelvin akashika kofia. "Sasa bro, mbona hukusema?"

"Uliniajiri nishike kamba."

Sijui nguvu niliitoa wapi. Nikamwambia: "Pima leo, pima yote. Kesho nang'oa, hata ukinifuta kazi."

Eedo akasema, "Wallahi, kumbe ana mdomo."

Kelvin alipima hadi magharibi. Kesho yake aling'oa pamoja nasi, miiba ikatoboa glavu zake za bei ghali. Siku tatu. Chini ya mathenge tulikuta migunga minne, eedo akaizungushia matawi.

Masters amepata. Ripoti yake inasema mathenge iliingia kwa sababu ya "upungufu wa maarifa katika jamii". Alinitumia nakala, na shukrani juu.

Funzo langu: kunyamaza si adabu siku zote. Aibu yangu ilikuwa karibu kumnyima mama wa watu malisho, na ningeweza kuizuia kwa sentensi moja siku ya magunia.

Mlioko Tarbaj, Bute na kwingine mnakopandiwa miti, je, kuna mtu huwauliza kitu kabla ya kuchimba? Semeni. Kujibu nitachukua muda, ila nitajibu kila mtu.