Chupa Iliyoenda Nairobi

Katika nyumba yetu, mimi ndiye niliyesoma mpaka kidato cha nne kisha nikarudi kukalia kiti. Ndugu zangu walitawanyika kutafuta kazi. Mimi nikitumwa Kericho mjini kununua sabuni, ikifika saa sita kichwa kinaniuma, nataka kurudi kwetu. Baba alikuwa akisema siku nikipotea hatasumbua redio kunitangaza; ataangalia tu nyuma ya jiko. Na kwa sababu nilikuwa hapo nyuma ya jiko, mambo ya ile chupa niliyaona tangu mwanzo.

Baba alikuwa dereva wa lori la majani chai. Aliyatoa kwenye vituo vya kununulia upande wa Bomet na kuyapeleka kiwandani. Lori lake lilikuwa limekohoa moshi mpaka likachoka, na katikati ya miaka ile ya tisini kiwanda kikalitia injini mpya kabisa. Ungedhani baba amepata mtoto wa uzeeni. Aliambiwa aizoeshe polepole: asiikimbize, asiibebeshe mzigo wote kwa mara moja, asiiache ikinguruma bure. Akawa anapita barabara ya juu ya shamba letu kwa mwendo wa bibi harusi, na mama, akiwa katikati ya michai na kikapu mgongoni, anainua kichwa na kuuliza, "Yule amebeba majani au mayai?"

Alikuwa amebakisha miaka michache astaafu. Alitaka kitu kimoja tu: amalizie kazi ndani ya lori hilo.

Siku moja fundi mkuu wa gereji alimwambia alete chupa ndogo, safi na kavu. Mafuta ya injini yangechotwa kidogo yapelekwe Nairobi kupimwa, ionekane injini inaendeleaje, na chupa za kazi hiyo zilikuwa hazijafika. Baba akamwambia mama. Mama akatoa chupa ya dawa ya kikohozi, ile ya rangi ya kahawia, akaenda nayo nyuma ya jiko.

Lazima niseme kwamba mama aliogopewa kwa usafi. Vibuyu vyake vya maziwa ungeweza kuvipeleka kanisani. Hiyo chupa aliikazania mpaka nikamcheka.

"Mama, hapo yanaingia mafuta machafu ya lori. Si maziwa ya askofu."

"Na wakiifungua huko Nairobi," akanijibu, "wakiuliza imetoka nyumba ya nani?"

Akaikausha juani juu ya ua, akaifunga kwa kitambaa, akampa baba kwa mikono miwili.

Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa. Baba aliingia bila kuvua koti, akaweka karatasi mezani mbele yangu. "Msomi, nisomee. Fundi ameshanieleza, lakini nataka kusikia kama inasema hivyo kweli."

Nikakaa kama daktari. "Chuma, nyingi. Shaba, nyingi."

"Hiyo ni kawaida. Injini mpya ni vyuma visivyojuana. Vinasuguana, unga wake unaingia kwenye mafuta. Ukipima mara ya pili na ya tatu unaona unga umepungua, basi unajua vimezoeana. Huwezi kuhukumu kwa mara moja. Endelea."

"Alumini, kidogo. Silikoni, imepita kiasi."

"Silikoni ni mchanga. Ingekuwa kidogo wangesema ni ile gundi ya gasketi. Hii wanasema ni vumbi, kwamba mimi sikufunga chujio ya hewa."

"Potasiamu, imepita kiasi."

"Ni dawa ya maji ya rejeta. Wanasema nimeichemsha injini mpaka maji yakaingia kwenye mafuta." Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba maji yako humo. "Rejeta haijapungua hata kikombe! Nimeiangalia kila asubuhi. Hata fundi anashangaa. Anasema vumbi la namna hiyo lingekuwa limeshakula pistoni, na alumini ingepanda. Lakini meneja hataki hadithi."

Meneja kweli hakutaka. Lori likapewa kijana aliyetoka kuajiriwa, na baba akapewa trekta la kubeba kuni za boila. Siku ya kwanza alirudi na vipande vya maganda ya mkaratusi ndani ya nywele. Hakuna aliyemtania. Hata mimi, ambaye kazi yangu nyumbani ilikuwa hiyo, nilimletea tu maji ya kunawa.

Nilichelewa kuelewa. Ilikuwa jioni, nimeketi kwenye kigoda changu nikimtazama mama akiosha chupa za maziwa. Akatia majivu ya jikoni kidogo, akatia mchanga wa mtoni kidogo, maji, akatikisa kwa nguvu, akasuuza. Majivu yaliyobaki akayarushia sukuma wiki. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa kilimo akituimbisha darasani: majivu yana potasiamu, wekeni majivu shambani. Hiki ndicho kitu kimoja nilichowahi kukitumia kutoka shuleni, na kilinijia nikiwa nimekaa bure.

Nilimfuata baba kwenye zizi. "Ni mchanga na majivu, baba. Chupa ndiyo ilikuwa na ugonjwa. Injini ni nzima."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu trekta. Akacheka mpaka ng'ombe akageuka kumtazama. Halafu tukasikia mama akiimba wimbo wa kanisa kule jikoni, na kicheko kikamwisha.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Basi asijue."

"Baba, na lori je?"

"Chupa za gereji zimefika. Wakipima tena watajionea wenyewe."

Walipima. Chuma ikashuka, shaba ikashuka, silikoni ikabaki kidogo tu, potasiamu haikuonekana kabisa. Baba aliamka mapema siku hiyo akapiga viatu rangi. Lakini kule ofisini waliisoma karatasi hiyo hiyo kwa namna yao: dereva amebadilishwa, injini imepona.

Jumapili yake fundi mkuu akaja kwetu. Alikuwa mtu wa kutoka Kisii, rafiki ya baba wa miaka mingi, na alikuja kwa miguu katika matope. Mama akamtandikia kitambaa cha mezani cha wageni. Tulipokuwa tumekaa wote, mama akimimina chai, fundi akasema:

"Mzee, hii kitu inanisumbua. Injini haiwezi kujiponya maji. Hebu niambie, ile chupa ya kwanza ilioshwa na nini? Nikipata neno moja la kumpelekea meneja, kesho asubuhi uko ndani ya lori lako."

Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umeng'aa. Alikuwa anajiandaa kusifiwa. Akafungua mdomo.

"Niliosha mimi," baba akasema. "Kwa petroli, hapo hapo gerejini."

Birika likasimama hewani. Fundi akamwangalia baba, akaangalia meza. "Petroli ni safi," akasema taratibu. "Basi hakuna neno." Wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Fundi alipoondoka, mama alikusanya vikombe kwa kelele. "Hata chupa moja, boiyot, mzee wangu, umeshindwa kunisifu mbele ya mgeni? Nimeisugua kwa mikono yangu, halafu useme ni wewe?"

"Nilisahau," baba akasema.

Nilimngoja nje, nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anaangalia barabara. "Mama yako anauza maziwa pale gerejini kila asubuhi. Unataka wamwite Mama Majivu mpaka afe? Na yeye mwenyewe, akijua, utampoza na nini?" Akanigusa begani. "Rudi kwenye kigoda chako."

Alibeba kuni mpaka akastaafu. Kila siku alienda kazini na chai ya maziwa katika chupa ambayo mama alikuwa ameisugua, na alirudi nayo tupu. Lori lilipopita barabara ya juu alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi, akasikiliza mpaka lipotee konani, halafu akaendelea pale alipoachia.

Ni lori hilo ambalo kiwanda kilitoa kumleta nyumbani kutoka hospitali, akiwa ndani ya sanduku. Lilipanda mlima wetu bila kukohoa hata kidogo.

Matanga yalipoisha na watu wakatawanyika, mimi nikabaki, kama kawaida yangu. Mama alikuwa ameketi nyuma ya jiko na chupa tupu mapajani.

"Alikuwa mtu mzuri sana baba yako," akasema. "Hakuniudhi, isipokuwa siku ile tu. Ile chupa niliiosha mimi."

"Najua, mama," nikasema. "Nilikuona."